Zabaleta Kumi na Mmoja

Nilisikia kicheko kabla sijaona mtu. Kilipita kwenye veranda ndefu ya misioni, ile ambayo watu huipita kwa kunyata kana kwamba sakafu imelala, kikagonga ukuta, kikaingia chumbani kwangu kikiwa bado kizima. Nilikuwa nimeinama juu ya boksi nikipanga vikombe vyangu viwili na kandambili za akiba, maana ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Miaka thelathini na minne nilitunza vitabu vya ubatizo vya parokia yetu, mwendo wa baiskeli kutoka Ushirombo mjini, na sikumbuki mtu aliyewahi kuingia chumba kile akicheka. Watu huingia wamekunja kofia mikononi. Wanaogopa kitabu kisije kikasema jambo ambalo mama zao hawakulisema.

Mwenye kicheko alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nyuma yake alifuata kijana mrefu, mikono ina vijikovu vya cheche za moto, na mkononi kashika bahasha.

"Shikamoo, mama," wakasema pamoja.

"Marahaba. Nini kimewachekesha hivyo mlangoni kwangu?"

"Huyu," msichana akasema. "Anasema tukikutwa ni ndugu, wale ng'ombe wa mahari warudi Bugarama wenyewe. Eti njia wanaijua."

Kijana akainamisha kichwa. "Nilikuwa namtuliza, mama. Tangu asubuhi analia."

Nikamtazama msichana vizuri. Kweli, macho yalikuwa mekundu. Kicheko kile kilikuwa kimepita juu ya machozi kama mtu anavyopita juu ya dimbwi, kashika gauni lake.

Vijana wangu, ninyi mnaorithi vitabu vile sasa na kuviingiza kwenye kompyuta, nawaandikia habari za hawa wawili kwanza kwa sababu kila nilichojifunza katika kazi hii nilikihitaji katika siku zile tatu. Tena nilifanya kosa lile lile nililokuwa nikiwakanya wengine.

Msichana aliitwa Milembe Zabaleta. Aliuza mabuti, kofia ngumu na kamba kwenye duka la vifaa vya wachimbaji, Kalangalala, Geita. Kijana aliitwa Elia Zabaleta, fundi wa kuchomelea mageti na milango, Bugarama. Siku moja Milembe alikwenda Bugarama kupeleka mzigo, akaona kibao barabarani: ZABALETA FUNDI MAGETI. Akaingia na hasira zote.

"Nilimwambia, wewe kaka, hilo jina umeliokota wapi? Hilo ni la kwetu. Hakuna mwingine nchi hii."

"Na mimi nikamwambia ni la babu yangu," Elia akasema. "Akasema mwongo. Nikamwonyesha kitambulisho. Akasema hata kitambulisho ni cha uongo."

"Halafu?"

"Halafu nikamletea kiti, mama."

Ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili. Bado tangazo la tatu, Jumapili. Lakini baada ya tangazo la pili baba mkubwa wa Milembe, Mzee Luhende, alikwenda kwa paroko akaweka pingamizi: jina moja, damu moja, hawaoani. Na jina lenyewe si la Kisukuma wala la Kisumbwa. Zamani, alisema, misioni yetu ilikuwa na bruda wa Kihispania, mtawa asiyeoa, aliyeitwa Zabaleta, seremala, mpauaji wa makanisa ya vijijini. Mzee Luhende hakusema zaidi ya hapo, ila alimtazama paroko kwa namna ya mtu mzima anayemwachia mtu mzima mwenzake amalizie. Paroko akaandika barua, ndiyo ile iliyokuwa kwenye bahasha. Mtunza vitabu aangalie. Wakikutwa ni wa babu mmoja, ndoa isimame.

Ilikuwa Jumatano.

"Mama," Milembe akasema, na safari hii hakucheka, "tuambie sisi si ndugu."

"Na kama ni ndugu?"

Walitazamana. Elia ndiye aliyejibu. "Basi utuambie taratibu."

Sasa acheni niwarudishe nyuma kidogo, maana mtanishangaa nilivyofanya baada ya hapo.

Kazi ya chumba kile nilifundishwa na Mzee Anatoli, mtunza vitabu aliyenitangulia, mzee mwembamba kama kibao cha kupimia ambaye alikuwa akinusa kitabu kabla ya kukifungua. Kitabu chenye harufu ya udongo kina mchwa, alisema. Chenye harufu ya siki kimelowa mvua. Chenye harufu ya karanga kimeshikwa na Mama Shija. Mama Shija ndiye mimi. Mwezi wa kwanza kazini nilikula karanga za kukaanga huku natafuta jina, nikaacha alama ya kidole cha mafuta juu ya mtoto wa watu. Alama ile ipo hadi leo. Mtoto yule amekuwa diwani, na kila akija kuchukua cheti cha mwanawe nafunika alama kwa kiganja.

Alinifundisha kutolamba kidole. Alinifundisha kuweka rula chini ya mstari, kwa sababu jicho lililochoka huteremka mstari mmoja bila kukuaga. Hilo la rula nililidharau, na malipo yake nikayaona kwa mapacha. Mnajua kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, kwa hiyo kitabu kimejaa akina Kulwa na Doto waliofuatana mstari kwa mstari. Ndoa ya mtu huandikwa pembeni ya jina lake la ubatizo. Basi Kulwa mmoja alioa, nami bila rula nikaiandika ndoa yake pembeni ya Doto. Miaka sita baadaye akaja Doto mwenyewe, kavaa vizuri, anataka cheti cha kuolea. Nikamwambia kwa ukali wote wa ofisi, "Wewe una mke."

Doto akakaa chini. Akafikiri. "Mama," akasema, "kama nina mke, naomba mumtafute. Mimi najipikia mwenyewe mwaka wa sita huu."

Mzee Anatoli alicheka mpaka akatoka nje. Halafu alirudi, akafuta machozi, akanipa mambo mawili ambayo sijawahi kuyaona yameandikwa popote. La kwanza: ukipata unachokitafuta, usifunge kitabu, soma mwaka mzima. La pili: ukitaka kujua habari za kuzaliwa kwa mtu, usimwulize aliyezaliwa, maana hakuwa na akili. Usimwulize baba yake, maana hakuwa nyumbani. Mwulize aliyembeba mgongoni.

Ninyi leo mnaandika jina kwenye kompyuta na linakuja kabla hamjapiga chafya. Nashukuru; mgongo wangu ungeshukuru zaidi kama mashine ile ingekuja mapema. Ila mashine hutafuta lile unaloliuliza. Kitabu, ukikifungua ukiwa mvivu kidogo, hukuonyesha na la jirani.

Alhamisi asubuhi nilitoa kitabu cha nne, kile chenye jalada la ngozi lililotafunwa na panya kona moja. Nikaweka rula. Haikuchukua saa nzima. Paskali, jina la nyumbani Zabaleta, mtoto wa Ndalahwa: huyo ni babu wa Milembe. Kurasa mbili mbele, Benedikto, jina la nyumbani Zabaleta, mtoto wa Mihayo: huyo ni babu wa Elia. Baba tofauti, mama tofauti, vijiji viwili. Nikafurahi kama msichana. Nikafunga kitabu, pah! Nikawapigia simu waje na Mzee Luhende, nimemaliza.

Mmeliona kosa? Mimi sikuliona.

Mzee Luhende alifika mchana, mtu mnene mwenye sauti ya mkutano, kavaa jezi nyekundu ya timu ya taifa ya Hispania chini ya koti. Ndiye aliyemlea Milembe tangu baba yake alipofariki, akimsomesha na kumfunza duka, na duka lenyewe liliandikwa mlangoni: MHISPANIA VIFAA VYA UCHIMBAJI. Alinisalimu kwa Kisukuma, nikaitikia "mhola, baba", akakaa, akasikiliza. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Mama Shija, umenisaidia mimi, hujawasaidia hawa. Mtoto wa Ndalahwa anaitwaje jina la Bruda? Mtoto wa Mihayo anaitwaje jina la Bruda? Kitabu kimeandika baba wa nyumbani. Jina limeandika baba wa kweli."

"Baba mkubwa!" Milembe akasema.

"Nyamaza, mwanangu, hili linaniuma kuliko wewe. Mama Shija, tazama." Akanigeuzia uso upande. "Pua hii, umeiona wapi Usukumani?"

"Kwa mjomba wangu," nikamjibu.

Elia akakohoa ili asicheke. Mzee Luhende hakukohoa. Akasema yeye amejua tangu utoto kwamba ukoo wao umetoka Hispania, amewaambia watu wa Geita hivyo miaka yote, ameandika mpaka dukani, na hakuna kitabu cha panya kitakachombadilisha. Na kama wao ni uzao wa Bruda, na huyu fundi ni uzao wa Bruda, basi kumwoza Milembe ni kumwoza kwa ndugu yake, na yeye aliyemlea hawezi. Alipofika hapo sauti ya mkutano ilikatika. Nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshika vitu viwili anavyovipenda, kimoja mkono huu, kingine mkono huu, na hakujua kwamba angeweza kutua kimoja.

Waliondoka. Milembe hakucheka kwenye veranda.

Nikabaki na boksi langu. Nikatoa kikombe kimoja nilichokuwa nimeshakifunga, nikajipikia chai, na nilipokuwa nakoroga nikasikia kabisa kichwani sauti ya yule mzee mwembamba: ukipata, usifunge. Nikaiacha chai. Nikanawa mikono. Nikafungua kitabu cha nne, safari hii tangu mwanzo wa mwaka ule hadi mwisho, mstari kwa mstari, rula chini.

Lusia, jina la nyumbani Zabaleta. Filipo, Zabaleta. Anjelina, Zabaleta. Nilipofika wa saba nilianza kucheka peke yangu. Nilipomaliza walikuwa kumi na mmoja. Mwaka mmoja, baba kumi na mmoja, na ukichora vijiji vyao kwenye karatasi vinajipanga vizuri juu ya barabara moja ya kwenda Runzewe, kama shanga kwenye uzi. Wawili walikuwa wamezaliwa wiki moja, kijiji kimoja, nyumba zinazotazamana. Mwaka uliofuata wanne. Uliofuata, hakuna hata mmoja.

Mzee Luhende nilimwambia kwa simu.

"Kumi na mmoja?" akasema. "Mwaka mmoja? Huyo Mzungu alikuwa analala saa ngapi?"

"Hilo ndilo swali, baba. Kesho twende tukamwulize mtu."

Kwa maana nilimjua Lusia. Lusia Zabaleta alikuwa mke wa mpiga kengele wetu, tulikaa benchi moja kanisani kila Jumapili, na katika miaka yote ile sikuwahi kujiuliza jina lake limetoka wapi. Nilimfuata nyumbani kwake jioni ile, nikamkuta anapepeta mpunga. Akacheka. "Mimi nitajuaje, Mama Shija? Nilikuwa mtoto." Nikakumbuka la pili la Mzee Anatoli. Nikamwuliza, "Nani alikubeba?" Akasema dada yake Kabula, yuko hai, yuko kwa mjukuu wake nyuma ya mnada, masikio mazima, meno ndiyo hakuna.

Ijumaa tulikwenda wanne: mimi, Mzee Luhende na jezi yake, Milembe na Elia. Bibi Kabula alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe kivulini mwa ghala, anabangua karanga. Tukapiga magoti sisi wanawake, wanaume wakainama, tukaamkia, akatuitikia mmoja mmoja bila haraka, akaomba jina la kila mtu na la baba yake. Alipofika kwa Mzee Luhende akasimamisha mkono.

"Zabaleta wa nani?"

"Wa Paskali, bibi. Paskali wa Ndalahwa."

"Ndalahwa aliyehamia Geita kufuata dhahabu, mtoto akiwa bado anatambaa?"

"Huyo huyo. Mtoto huyo ndiye baba yangu."

Bibi Kabula akamtazama tangu kichwani hadi miguuni. "Basi baba yako," akasema, "alinikojolea mgongo mzima siku nane."

Na akaanza kucheka, kicheko kisicho na meno, kinachotoka tumboni moja kwa moja. Tukasubiri kiishe. Halafu akatueleza, huku vidole vinaendelea na karanga.

Ninyi mliozaliwa hospitalini pengine hamlijui hili. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma na kukataa ziwa, wazee husema analilia jina. Kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi kwa mtoto huyo. Basi hukaa, wakayataja majina ya waliotangulia mmoja baada ya mwingine, kila jina mtoto anawekwa ziwani. Jina atakalonyamazia akanyonya, hilo ndilo lake.

"Mtoto wa Ndalahwa alilia siku nane," Bibi Kabula akasema. "Mama yake alikuwa hoi. Mimi nilikuwa msichana wa jirani, nikaitwa nimbebe. Wakataja babu wote, bibi wote, mpaka wale ambao hawakupendwa. Wapi! Siku ya nane nimesimama naye barabarani, nasikia pikipiki. Bruda huyo anatoka kupaua kanisa, vumbi tupu, anaomba maji. Kuzima tu ile pikipiki mbele yetu, mtoto kimya."

"Kimya?" Mzee Luhende akauliza.

"Kimya kama wewe sasa hivi. Bibi yake akatoka mbio ndani, akasema mkaribisheni huyu, mtoto amemtaka. Wakamwuliza jina. Akasema Migueli. Wakamwambia mtoto, Migueli. Akalia upya! Wakasema, huna jingine? Masikini akavua kofia, akasema Zabaleta. Mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala mpaka kesho yake."

Karanga moja ikaruka, Milembe akaiokota.

"Habari ikaenda. Hapa kwetu habari haihitaji pikipiki. Mwaka ule mtoto akilia tu, watu hawamalizi hata majina ya babu, wanakimbilia barabarani kumsubiri Bruda. Anasimamishwa juani, kofia mkononi, anaitamka: Zabaleta. Mtoto mwingine: Zabaleta. Kama mtu anayeitwa kwenye daftari la shule. Mwishowe akisikia kilio nyumba yoyote anazima pikipiki mwenyewe. Lusia wetu naye alipata hivyo hivyo. Na yule wa Mihayo, nakumbuka, mama yake alimbeba kutoka mbali, akamkuta Bruda yuko juu ya paa. Akalitamka akiwa huko huko juu, na misumari mdomoni."

Elia alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili. "Huyo ni babu yangu, bibi."

"Basi babu yako jina lake lilitoka juu."

Nikauliza kuhusu kitabu. Akasema siku ya ubatizo katekista aliuliza tu, jina la ubatizo nani, jina la nyumbani nani. Wengine walijibu Masanja, Mabula. Wao wakajibu Zabaleta. Aliandika alichoambiwa. Ni shule, baadaye, iliyolichukua jina lile la pili ikaligeuza kuwa la ukoo, na majina ya akina Ndalahwa na akina Mihayo yakaachwa nyuma kama viatu mlangoni.

"Kwa hiyo Bruda hakuzaa?" Mzee Luhende akauliza. Swali lilikuwa dogo sana kwa sauti ile.

Bibi Kabula akastaajabu. "Bruda? Yule alikuwa anawaogopa hata kuku!" Halafu akaongeza, kana kwamba amekumbuka jambo la pembeni: "Mimi naona ni ile pikipiki ndiyo iliyowanyamazisha. Ngurumo ile ikikatika ghafla, hata wewe mkubwa unanyamaza. Lakini nilikuwa msichana, hakuna aliyeniuliza."

Mzee Luhende akafunga zipu ya koti lake mpaka juu, jezi ikapotea. "Basi mimi si Mhispania," akasema.

"Wewe ni mjukuu wa Ndalahwa," bibi akamjibu. "Alikuwa na ng'ombe wengi na maneno mengi. Naona ng'ombe hawakukufikia."

Hakuna aliyethubutu kucheka, isipokuwa mmoja. Kicheko kile cha veranda kilimtoka Milembe kabla hajakizuia, akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka kwa hofu. Mzee Luhende akageuka kumtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, naye akacheka, akacheka mpaka akashika ghala la watu.

"Siku nane!" akasema. "Baba yangu mimi! Na alivyokuwa akitukataza kulia!"

Paroko alipigiwa simu pale pale, na aliyepiga ni Mzee Luhende mwenyewe. Jumapili tangazo la tatu lilisomwa. Nililisikia nikiwa kwenye benchi langu, karibu na Lusia, ambaye alinifinya paja kila jina lake lilipotajwa.

Kuna kipande kimoja kimebaki. Jumatano ile ile walipokuja, kabla sijafungua kitabu chochote, nilimwomba padre wetu kijana aandike barua pepe kwa parokia ya Hispania alikozaliwa Bruda, maana faili lake lilitaja kijiji. Aliandika kwa msaada wa tafsiri ya simu, na Mungu anajua simu ilisema nini. Jibu lilikuja nimeshastaafu, niko nyumbani napalilia mahindi. Lilitoka kwa mama mmoja anayetunza vitabu vya ubatizo vya huko, mwenzangu wa kazi ambaye sitamwona. Alisema huko kwao milimani Zabaleta ni jina la nyumba. Zamani mtu aliitwa kwa nyumba aliyokaa. Babu wa Bruda hakuwa hata wa damu ya nyumba ile. Alitoka kijiji kingine, akaajiriwa kuchunga ng'ombe, akalala humo, watu wakamwita Zabaleta. Akaambatanisha picha: nyumba ya mawe, na jina limechongwa juu ya mlango. Mwisho akauliza kama na sisi tunapata shida ya panya.

Picha ile nilimtumia Elia kwa simu, nikamwandikia maelezo yake. Hakunijibu neno. Niliona jibu wiki tatu baadaye, Kalangalala, asubuhi ya harusi. Nyumba ya Mzee Luhende ilikuwa na mlango mpya wa chuma, rangi ya kahawia, na juu yake zimechomelewa herufi nane, moja moja: ZABALETA. Mzee alikuwa amesimama chini yake, suti nyeusi, jezi haionekani. Dukani, nilikuwa nimepita, neno MHISPANIA lilikuwa limefunikwa kwa rangi.

"Mama Shija, wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma. "Umeninyang'anya Hispania yote ukanirudishia mlango."

"Unakutosha?"

"Naupimapima."

Milembe alitoka chumbani na shela lake, mashangazi wakimwimbia na kumpigia vigelegele masikioni. Nje Elia alikuwa anangoja na watu wake wa Bugarama, na Lusia, na Bibi Kabula juu ya kiti cha plastiki katikati ya uwanja kama jaji. Mzee Luhende akamshika binti yake mikono miwili. Nilidhani atahutubia. Alisema tu, "Unatoka kwa Zabaleta, unakwenda kwa Zabaleta. Ukipotea, uliza nyumba."

Milembe akacheka, kile kicheko, na machozi chini yake, akalishika gauni lake akavuka kizingiti. Mzee akabaki ndani nami, mkono juu ya chuma kipya, akisikiliza kicheko kinavyokwenda. Kisha akaurudisha mlango nyuma ya binti yake, taratibu, mpaka ukajifunga.